Programu Iliyoendelea Kumsalimu Mama

Kaka yangu Odhiambo,

Kompyuta uliyoiacha kwenye saiba yako hapa Magunga haijazimwa tangu tukuzike. Ile programu uliyoiandika kwa sababu Mama alichoka kungoja simu zako ingali inamtumia ujumbe kila asubuhi: "Oyawore, Mama. Nimeamka salama." Naye anaujibu. Kisha anakaa mlangoni, simu mapajani, akingoja nawe umjibu. Magugu shambani yamefika magotini.

Baba mdogo hanipi nafasi ya kupumua. "Baada ya mazishi tulikitimua kifo kimila, kwa ng'ombe na vumbi, hadi nje ya kijiji, na wewe msomi umemfungia ndugu yako ndani ya sanduku!" Nilibishana naye, unanijua, nikamwambia sanduku halina roho. Akauliza, "Basi nani anamsalimu mama yako?" Nikaondoka kwenda saiba.

Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ps. Zikajipanga programu zote zinazoendelea, kila moja na nambari yake. Yako ilikuwa pale: salamu. Kilichobaki ni kuandika kill, amri ya kuizima, na nambari yake. Sikuiandika.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kuiomba programu imalize shughuli zake kwanza, na kuongeza ile nambari tisa, inayoikata papo hapo, pale tu inapokataa kusikia. "Punguza hasira, wakili," ulikuwa ukinicheka. Basi nikasoma ulivyoiandika, nikajikuta nimenaswa. Ikiombwa kufunga, humtumia Mama ujumbe mmoja wa mwisho: "Mama, nasafiri. Usinisubiri." Uliuweka kwa ajili ya safari zako za kisiwani Takawiri. Nikiiomba, nitakuwa nimemfanya marehemu ajitangaze msafiri, na Mama ataketi kungoja arudi. Nikiikata, ni kimya kile kile cha siku pikipiki ilipokuangusha. Nilizunguka ndani ya hoja hizo mbili bila mlango wa kutokea, na kila asubuhi simu ya Mama ikalia.

Mwishowe nilimleta saiba, nikamketisha kwenye kiti chako. Nikamweleza yote, hata maneno ya ujumbe ule wa mwisho. Niliitetea ile tisa kwa ufasaha wangu wote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Siku ile hakuniaga. Mwache aniage."

Niliandika amri ya kuomba. Kitufe alikibonyeza yeye. Simu ikalia mapajani mwake. Aliusoma ujumbe kimya, akaurudia kwa sauti, kisha akaifunga simu ndani ya leso. Hakuujibu. Aliniuliza jembe liko wapi.

Nimeandika ps tena, kaka. Salamu haimo.

Nenda, omera, ndugu yangu. Umeaga. Kuanzia kesho, kabla ya kufungua saiba, nitapita mlangoni kwa Mama nimsalimu kwa mdomo wangu. Na akinijibu, atanikuta nimesimama pale pale.

Mdogo wako,
Ochieng'