Marehemu Anaomba Chai

Jumapili, tarehe 14 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na ile sauti iliyokukauka ukipiga picha za filamu mpya imerudi. Sisi hatujambo. Nimeapa leo kukueleza yote bila kuficha. Unisamehe mwandiko, naandika kwa hasira.

Juzi tulikutazama kwenye televisheni. Bibi alivaa gauni lake la kijani, akaketi mbele kabisa, maana macho yake yameingia ukungu na sasa anakufuata kwa sauti tu. Majirani walijaa hadi mlangoni. Mtangazaji akakuuliza nani alikufundisha kulia vile, hata watu wakakubandika jina la Machozi. Ukajibu kwamba hakuna, mama yako alifariki ukiwa na miaka sita, ukajilea mwenyewe.

Mjomba! Mama yako alikuwa amekaa pale pale, miwani mkononi! Majirani wakamgeukia. Fundi viatu akatazama dari. Bibi ndiye aliyecheka kwanza, akasema kama ni hivyo basi marehemu anaomba chai, na sukari isisahaulike. Kisha akawaambia watu wasikuelewe vibaya, unaigiza, ndiyo kazi yako.

Mimi sikucheka. Ulipokuwa ukifanya mazoezi jikoni, nani alikuwa polisi, bi harusi na jambazi? Ni Bibi, huku akimenya vitunguu, na mpaka leo anayakumbuka maneno ya wote watatu. Ulipopewa nafasi yako ya kwanza, ya kuigiza maiti, ukapiga chafya, nani aliwajibu waliokucheka kwamba hata maiti hupata mafua?

Sasa la kwangu, maana nami si msafi. Hujaandika tangu mwaka jana. Kila mwisho wa mwezi Bibi hunisubiri nimsomee barua yako, nami nilishindwa kumwambia kwamba hakuna. Barua saba nimezitunga mimi. Ndani yake unamwita mama karibu kila mstari. Yeye husema siku hizi unaandika vizuri kuliko ulivyokuwa ukiongea. Nimemdanganya, najua. Lakini mimi nilimpa mwana, wewe umemzika akiwa anakusikiliza. Ya nane sitaitunga.

Mama anakusalimu, ingawa amenuna. Bibi anakusalimu sana, anasema usiende kazini na njaa. Mwisho wa mwezi ataketi kitini pake na kunyoosha mkono, aipapase bahasha kwanza kama kawaida yake. Nijibu upesi, Mjomba: siku hiyo nitamsomea barua ya nani?

Mpwa wako,
Kalamu