Mkanda Namba Tatu

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mgongo umekuachia uiname bila kuguna. Vipi wanangu, bado wanagombea kulala upande wa dirishani? Waambie shangazi yao anawakumbuka kuliko anavyosema.

Hapa ofisini tumemaliza kununua vipuri vya mashine za kukatia nyasi za bustani za jiji. Nusu ya mashine zilikuwa zimelala. Msimamizi wa bustani alituambia nyasi zimerefuka hadi wapenzi wanajificha humo, na yeye akipita anaona haya kutowabishia hodi. Mwenyekiti wetu, mama asiyecheka, alicheka.

Utaratibu wetu ni huu: kila mfanyabiashara huleta mikanda miwili ya kuzungusha visu vya mashine, mmoja wa kujaribiwa, mmoja wa kubaki mezani. Majina hufichwa, sisi wanakamati tunaona namba tu. Mafundi wakaijaribu, na namba tatu ukaishinda yote. Msimamizi akasema basi, tumepata, twendeni tukale.

Mimi nikauchukua ule wa mezani. Ulikuwa umepakwa poda usigande, umekunjwa mara mbili, umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, fundo likiwa kwa ndani. Kaka, mikanda mingapi nimeikunja hivyo dukani kwako, nikiwa nimekalia ndoo, nawe ukinirudisha nifunge upya kwa kuwa fundo la nje hukwaruza?

Uliponipigia simu juzi, baada ya jibu kutoka, ulisema uliomba zabuni kimyakimya, ushinde kwanza ndipo uniambie, watu wasije wakasema dada amekubeba. Kisha ukaniomba nichungulie ni nani aliyekuchimbia shimo. Nilijibu nitatazama.

Ni mimi, kaka. Kanuni inamwondoa ndugu wa mwanakamati, nami nilisimama nikasema namba tatu ni wa kaka yangu. Msimamizi alinivuta pembeni akaniuliza, wewe binti, nani alikuita shahidi? Wakafunua jina, likawa lako. Wakachukua namba tano.

Najua ulishakipima chumba kile cha kona, chenye mlango wake mwenyewe, uhamishie duka ukishinda. Sijutii nilichosema, ila naumia. Mambo hayo mawili yamekaa kifuani mwangu na hakuna linalompisha mwenzake. Ningeweza kunyamaza usijue kamwe. Lakini nakufahamu: tangu jibu litoke umekuwa ukiishusha mikanda yako rafuni, mmoja mmoja, ukitafuta kasoro. Acha kutafuta. Haina kasoro. Ulikuwa wa kwanza, na kila aliyekuwa chumbani alisema hivyo kabla sijafungua mdomo.

Jumamosi nitakuja. Ukitaka kunigombeza, nigombeze wifi akisikia, nipate wa kunitetea. Ukinyamaza, nitakaa palepale dukani mpaka unitume kitu.

Wabusu wanangu vichwani, na wifi mpe salamu zangu zote, asikugawie hata moja mpaka unisamehe.

Mdogo wako akupendaye,
Maswali