Mistari Iliyolala

Jumatatu, 1 Februari 1993

Akinyi amechana karatasi. Sasa hivi tu. Nimegeuka kumimina maji ya sukari kwenye kisahani, kurudi namkuta ameketi chini, kipande kirefu mdomoni, anatafuna. Kingine kinaning'inia ukutani. Mwaka mmoja na miezi minne, meno sita, na tayari ananiharibia kazi. Nyuki hawajamgusa. Mungu ni mwema.

Daktari alikataza mtoto hapa. Huyu si daktari wa hospitali, ni mama anayefundisha chuo kikuu. Lakini jirani anayenishikia Akinyi ameenda matanga Pap Onditi. Ningemwacha na nani kule kwetu Nyalenda?

Bahati, Daktari yuko Nairobi wiki nzima. Kichochoro chake ni mbao mbili ndefu zinazotazamana, zimebandikwa karatasi za mistari myeusi na myeupe, juu wavu. Nyuki anaingia huku, sukari iko kule. Mimi nakaa natia alama: amepita kushoto, katikati, au kulia. Daktari anataka kujua nyuki anaongozwaje na macho. Halafu atengeneze kidude kidogo cha kuruka kinachojiongoza hivyohivyo, bila mtu.

Nimebandua zile mbovu za kushoto, nimechukua mpya kwenye boksi. Gundi ni uji wa Akinyi uliobaki. Umeshika vizuri. Mistari imelala, ile ya kwanza ilikuwa imesimama. Kuisimamisha lazima nikate karatasi vipande vipande, na kukata karatasi ya mtu ni hasara. Mistari ni mistari.

Jumatano, 3 Februari

Nyuki wote wanapita kushoto. Karibu wasugue ukuta. Naandika kushoto, kushoto, kushoto.

Mzee Opiyo, anayemtunzia Daktari mizinga, amechungulia. "Mama Akinyi, umewatilia chang'aa kwenye hiyo sukari?" Nimecheka mpaka nyuki watatu wamenipita bila alama. Amempa Akinyi kipande cha sega. Yeye karatasi haziangalii, ni mizinga yake tu.

Jumamosi, 6 Februari

Nimekata karatasi za kushoto, nimezisimamisha. Daktari anapenda kukuta vitu kama alivyoviacha. Nimefagia. Hakuna alama ya mtoto.

Jumatatu, 8 Februari

Siku mbaya.

Daktari amesoma daftari langu mara mbili. Amekaa mwenyewe kwenye kichochoro. Leo nyuki wanapita katikati, sawasawa. Akaniuliza kama kuna kitu kiliguswa wiki iliyopita. Nikasema hakuna. Neno limetoka haraka, kama kupiga chafya.

Basi akaona makosa ni ya moshi. Kwamba Mzee Opiyo alifukiza mizinga na majani yasiyofaa, nyuki wakalewa. Mzee akakana. Akanigeukia, "Mama, si ulikuwepo? Mwambie." Nikainama kumfunga Akinyi leso ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Leo Daktari alimwona mtoto, nikamdanganya kwamba nimekuja naye leo tu.

Mzee ameambiwa kazi yake inaisha Ijumaa.

Mimi ni mwoga. Sina neno lingine.

Jumatano, 10 Februari

Nilikuwa natembea kwenda nyumbani, Akinyi mgongoni. Kuna ua wa nguzo pale kando ya mafunjo ya ziwa. Nguzo zikawa zinanipita moja moja, nikiharakisha na zenyewe zinaharakisha. Mbele kuna ukuta wa shule, chini mweusi, juu mweupe, mrefu. Huo haukunipita. Uko tu, kama sitembei.

Nimesimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni akanitukana, "We mama, umepandwa hapo?"

Ni mimi. Si moshi. Nililaza mistari, nyuki upande ule hakuona kitu kikipita, akadhani ukuta uko mbali, akausogelea. Ni mimi na uji wangu.

Alhamisi, 11 Februari

Sijala. Mzee anaosha kopo lake la moshi kama mtu anayeosha mtoto. Ana miaka sita na nyuki hawa.

Nikisema, nafukuzwa. Nilikuwa nimeshaona chumba cha kupanga kule Migosi, chenye dirisha. Akinyi angelala bila kukohoa. Nikinyamaza, dirisha hilo nitakuwa nimelilipia kwa kazi ya Mzee Opiyo.

Ijumaa, 12 Februari

Nimesema. Mbele ya wote wawili, nisije nikapunguza. Mtoto, karatasi, uji, mistari, uwongo.

Daktari alifunga daftari langu. Halafu, "Ungeniambia Jumatatu." Basi. Akamwomba Mzee msamaha, akampa mkono, akamwambia kazi yake iko palepale.

Mzee hakunitazama. "Siku nne, nyathina," akasema. "Siku nne unanisalimu." Nilitaka anitukane. Kuniita mtoto wake kuliniumiza zaidi.

Jumapili, 14 Februari

Nimeomba kanisani, sikusikia mahubiri. Akinyi ametembea hatua tano, akaanguka, akajipigia makofi. Nimefurahi. Halafu nikaona aibu kufurahi.

Jumatatu, 15 Februari

Jirani amerudi, Akinyi yuko naye. Daktari amesema nibandike tena vilevile, mistari ilale, yeye mwenyewe atazame. Nimetumia gundi yake. Nyuki tisa wamepita kushoto. Anaandika, hasemi. Kuhusu mimi amesema tu nikae wiki hii, halafu ataona. Ni haki.

Ziwa limetulia. Naandika nikingoja sukari iyeyuke. Mzee Opiyo yuko kwenye mizinga, amenipa mgongo. Tangu Ijumaa hajatamka jina langu. Asubuhi nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Nitamsalimu kesho, na kesho kutwa. Hata asiponijibu mwezi mzima, sitachoka, kwa sababu mtu niliyemnyamazia siwezi tena—

Ananiita. Ni yeye. Anasema Mama Akinyi, njoo unishikie hili kopo, na usichelewe. Naenda.