Nilipomzika Mselem Njiani

Observatory,
Johannesburg.
14 Julai 2024

Mpendwa wifi yangu Zuhura,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bakiri. Goti linaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kwenda sokoni mwenyewe bila kushikwa mkono, nikamshukuru Mungu. Sisi huku miili ni mizima. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, nami naandika nimejitanda blanketi la Mselem, lile la kahawia ulilomletea ulipokuja kututembelea.

Barua hii anakuletea Karimu, jirani yetu hapa, mkononi. Anakuja Tanga kwenye harusi ya mdogo wake, na nimemwomba asikuachie tu mlangoni, akae mpaka uifungue. Tangu siku ile ulipokata simu sijaisikia sauti yako. Nimepiga, nimekutumia ujumbe wa sauti, naona umeusikiliza lakini hujibu. Sikulaumu, wifi. Alikuwa ndugu yako miaka mingi kabla hajawa mume wangu. Nakuomba kitu kimoja tu: hata kama hasira itakupanda katikati, soma mpaka mwisho.

Kabla ya kukata simu ulisema nimemtupa ndugu yako porini. Neno hilo nimelilalia na kuliamkia muda wote wa eda. Sasa eda imekwisha, na nataka ujue yote kwa mpangilio wake, maana uliyapata vipande vipande, tena kwa watu ambao hawakuwapo.

Unajua maisha ya Mselem hapa yalivyokuwa. Nyumbani, gereji kule Newtown, na foleni za uhamiaji. Alinyoosha bodi za magari ya watu yaliyokwenda Cape Town, Durban na kila mahali, yeye mwenyewe hajafika hata Bloemfontein. Kwanza aliogopa polisi wa barabarani, karatasi zake zilikuwa za kuongezewa muda kila mara. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi ujao akaambiwa faili halionekani. Kitambulisho cha kudumu alikuja kukipata nywele zimeshakuwa nyeupe. Siku aliyokipokea alikaa kwenye gari hakuliwasha. Nikamuuliza, "Baba Tabia, kuna nini?" Akaniambia, "Nataka kuiona nchi iliyonizeesha."

Basi alipostaafu akanunua gari refu la zamani lililokuwa likisambaza maua madukani. Wenzake gereji walimcheka. Alilikata ubavuni akaweka dirisha, akatengeneza kitanda cha kukunja, jiko la gesi, tangi la maji na kijikabati cha vyombo. Mapazia nilishona mimi. Tabia alipoliona aliangua kicheko, akasema kwa Kiingereza chake kwamba wazazi wake wamekuwa wazungu wastaafu. Baba yake akamjibu, "Wazungu peke yao ndio wanaochoka?"

Tuliondoka mwishoni mwa Januari. Mpango wake ulikuwa twende mpaka Cape, tufuate pwani mpaka Durban, kisha tupande kurudi Johannesburg.

Wifi, sikuwahi kumwona mume wangu akiwa vile. Mashamba ya alizeti ya Free State yalimfanya asimamishe gari kila mara. Anashuka, anasimama mikono kiunoni, anarudi ndani. Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha polisi. Nikamwona anapapasa mfuko wa shati kutafuta kitambulisho, kwa mazoea ya zamani. Kijana wa polisi akachungulia ndani, akaona kitanda na mapazia, akauliza tunakwenda wapi. Mselem akamnyooshea kitambulisho kabla hajaombwa, akasema, "Tunatembea tu, mwanangu." Yule kijana akacheka, "Sharp, baba. Hamba kahle." Yaani nenda salama. Hakukitazama hata kile kitambulisho. Mselem alifurahi, lakini baadaye kidogo akasema, "Yaani ilikuwa rahisi hivi?" Machozi yalikuwa yakimtoka huku anaendesha.

Tulilala kando ya Mto Orange. Aliloweka miguu, akasema una maji ya rangi moja na Pangani wakati wa mvua. Halafu tukaingia Karoo. Sijui nikuelezeje Karoo. Ni ardhi kavu, tambarare, vichaka vifupi vya rangi ya majivu, na unaweza kwenda muda mrefu bila kuona nyumba wala mtu. Mimi iliniogopesha. Yeye aliipenda. Alisema ni mara ya kwanza tangu aje nchi hii hasikii kelele.

Alikuwa anahema kidogo akipanda ngazi ya gari. Nilimwambia tupite hospitali, akasema ni vumbi. Nami nikaamini ni vumbi, kwa sababu mimi pia lilinitia mafua.

Tukafika mji mdogo uitwao Kalkdam. Una barabara moja ya lami, kanisa, kituo cha mafuta na maduka machache. Tuliingia kwenye spaza moja, kiduka cha mtaani, kununua mkate, na mwenye duka, Msomali aitwaye Muhammad, alipotusikia tukizungumza akatujibu kwa Kiswahili. Alikulia Mombasa. Mselem alimkumbatia kama mtoto wa shangazi yake. Nyuma ya duka alikuwa ametenga chumba cha kuswalia, basi Mselem akasema tulale hapo, kesho ndiyo tuendelee. Tuliegesha gari uwanjani, pembeni ya duka. Magharibi alikwenda kuswali, akarudi baada ya Isha akiwa mchangamfu, akala, akalala.

Alfajiri alitoka kuchemsha chai. Nilisikia kikombe, nikasikia akikohoa, nikapitiwa tena na usingizi. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kiti chetu cha kukunja ameelekea jua linakotoka, na birika limekauka juu ya moto. Nilizima gesi kwanza. Sijui kwa nini nilizima gesi kwanza, wifi. Halafu nikamgusa bega.

Muhammad alikuja mbio aliposikia kelele zangu. Aliita nesi wa zahanati, naye akasema ni moyo, na kwamba alikuwa amekwisha kufa kabla sijaamka. Mpaka leo nalibeba hilo la kupitiwa na usingizi.

Hapo ndipo nilipokupigia. Ulisema, "Zubeda, usimzike. Ngoja. Mlete nyumbani." Nikampigia Tabia, naye akasema nisubiri, anakuja, tutamchukua mpaka Johannesburg. Kila mtu aliniambia ningoje.

Muhammad alikwenda kuniulizia. Kumleta Tanga kulitaka vibali vya hapa, vya ubalozi na vya ndege, na mpaka vipatikane angewekwa kwenye barafu katika mji mwingine mbali na pale, na hakuna aliyeweza kuniambia ni kwa muda gani. Niliketi kwenye ngazi ya gari. Ndani yuko Mselem, amefunikwa kanga yangu. Nikafikiria maisha yake yote katika nchi hii, amesimama kwenye foleni akisubiri mtu apige muhuri. Nikajiona mimi mkewe namrudisha tena kwenye foleni, safari hii akiwa hana hata mdomo wa kulalamika. Sikuweza, wifi. Nikamwambia Muhammad, "Tumzike leo."

Hakuna aliyenilazimisha. Ninataka ulijue hilo kutoka kwangu. Niliamua mwenyewe, na jina lako nililikumbuka nilipokuwa naamua.

Tulipotaka kumwosha, bomba la mji lilikuwa kavu. Kumbe kule ni ukame, maji yanafunguliwa kwa zamu. Tangi letu halikutosha. Mama mmoja mzee wa jirani, anazungumza Kiafrikana tu, alituona tunahangaika na ndoo tupu. Aliondoka. Baada ya muda akarudi na chupa mbili za maji, na nyuma yake wanawake wengine, huyu na ndoo, yule na sufuria. Yalikuwa maji yao ya kunywa. Nilimwosha mume wangu kwa mikono yangu, Muhammad akinimiminia, na haikubaki sehemu isiyopata maji. Sanda ilitoka dukani kwa Muhammad.

Waislamu wa pale hawatoshi hata kubeba jeneza kwa kupokezana. Wakaja wanaume wa kituo cha mafuta, na mzee wa kanisa akavua kofia, wakaweka mabega. Mimi nilibaki garini, nikatazama kupitia dirisha alilolikata mwenyewe mpaka walipopotea nyuma ya makaburi ya wengine. Muhammad ndiye aliyemswalia. Amelazwa kuelekea kibla, na mwanandani umechimbwa vizuri, ingawa ardhi ile ni mawe matupu. Walichimba kwa sululu.

Tabia alifika kaburi limeshafukiwa. Alipiga magoti pale, kisha akanigeukia, "Mama, you couldn't wait for me?" Yaani sikuweza kumngoja? Niliyoyaogopa kwako niliyaona usoni mwa mwanangu. Aliendesha lile gari mpaka Johannesburg, njia nzima hakunisemesha. Alinipikia na kunihudumia wakati wote wa eda, lakini kwa ukimya, kama mtu anayemuuguza asiyemjua.

Eda ilipokwisha, ni yeye aliyesema, "Twende tukamwone Papa." Tulikwenda wiki iliyopita. Nilikuwa na hofu ya kukuta kifusi kilichovurugwa na mbuzi. Nilikuta kaburi limezungushiwa mawe meupe yaliyopangwa moja moja, na hapana jani lililoota juu yake. Yule mama mzee ndiye anayelifagia akienda kwenye kaburi la mumewe. Tabia alimshika mikono, wakalia pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Nilipowakaribia, mwanangu akaniegemea. Tumeanza kuzungumza tena, polepole.

Na sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku hiyo Muhammad alitukaribisha chai, na ndipo akanisimulia jambo ambalo siku ya msiba hakupata nafasi kunieleza. Ile jioni ya mwisho, baina ya Magharibi na Isha, walikaa nje ya duka, naye akamuuliza Mselem, "Mzee, nyumbani umeacha nani?"

Mselem akamwambia, "Nina dada. Mama yetu alipofariki yeye mwenyewe alikuwa mtoto, lakini alinibeba mgongoni mpaka wapita njia wakadhani ni mwanawe. Aliacha shule ili mimi nisome. Mtu akiniuliza mama yangu ni nani, mpaka leo jina linalonijia kwanza ni Zuhura."

Muhammad anasema kisha akaongeza, "Tangu tumetoka Johannesburg, kila nikifika pahali pazuri natamani ningekuwa naye kwenye kiti cha mbele, aone dunia ilivyo. Yeye alinibeba, mimi sijawahi kumbeba popote."

Kiti cha mbele nilikuwa nimekaa mimi, wifi, lakini sikuona wivu. Nililia kwa sababu maneno hayo yalikuwa yako, na wewe ulikuwa mbali, umekasirika, huyajui. Ndiyo maana nimeyaandika kama nilivyoyapokea, bila kuongeza wala kupunguza. Hata kama hutaki kusema nami tena, hayo ni haki yako, yachukue.

Nisalimie shemeji Bakiri, Bi Mwanaidi wa Makorora, na watoto wote pale Ngamiani. Tabia anakusalimu, anasema shangazi amwombee dua. Nami nawaombea Mungu awape afya, amlaze ndugu yako mahali pema pamoja na wazee wetu, na moyo wako aupoze kwa namna anayoijua Yeye.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Zubeda