Taa Chini ya Picha ya Mama

Spello, 30 Juni

Kaka Oreste mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Graciela, na kwamba baridi ya huko Ajentina haijakurudishia kile kikohozi. Sisi kwa afya hatujambo. Mama anakula vizuri, nyonga yake imeunga, na sasa anatembea na fimbo moja tu. Najua ungependa nipige simu badala ya kuandika, lakini kwenye simu ungenikatiza, na kwa kukatizwa ningedanganya tena.

Nianze na paa. Halikuoza, kaka. Hakuna boriti iliyoanguka wala fundi aliyepanda. Nyumba ya mama kule juu naipangisha kwa watalii wiki kwa wiki, tangu Pasaka ya mwaka jana. Mama alipovunjika nyonga nilimleta kwangu huku bondeni apone, na kweli nilikusudia kumrudisha. Kisha akaja mgeni mmoja, akafuata wa pili, na kila mama alipouliza atarudi lini kwake nilimwambia dari bado ni la hatari. Wewe nikakuambia hivyo hivyo. Ulinishukuru kwa kumtunza, nami nikazipokea shukrani zile.

Jumapili iliyopita ilikuwa Sikukuu ya Ekaristi. Tangu Mei mama alikuwa akilizungumzia tandiko lake la kitanda, lile jekundu alilolifuma mwenyewe kabla ya harusi. Unamjua anavyosema: dirisha tupu siku ya maandamano ya Ekaristi ni kuutangazia mji kwamba nyumba ile haina tena mtu. Alitaka nimpeleke akalitundike. Nikamjibu kwa ukali kwamba dari litamwangukia. Kisha nikaenda kuvaa joho la kwaya. Sikujua kwamba nikishatoka angempigia simu Quinto, yule jirani yetu wa zamani anayeuza mikate. Quinto akampakia kwenye gari lake la mikate akamshusha mlangoni.

Tulikuwa tunapita mtaani kwetu nyuma ya padri, tunaimba, maua yametandazwa njia nzima. Nikainua macho. Tandiko jekundu lilikuwa linaning'inia dirishani, na juu yake, katikati ya wageni wangu wa wiki ile, Waholanzi wawili wenye kaptula, alisimama mama. Mji mzima ulimwona. Alinitazama tu mpaka tukapita, hakunipungia mkono. Nives, anayesimama pembeni yangu kwenye kwaya, akaninong'oneza, "Wewe, si ulisema dari linaanguka? Wageni wako wana vichwa vya chuma?"

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na yule mwanamke wa Kiholanzi mwenyewe, ambaye anazungumza lugha yetu polepole na kwa adabu. Alidhani ananipa habari njema. Mama alibisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alipofunguliwa na mtu asiyemjua hakusema kwamba ndiye mwenye nyumba. Alisema yeye ni kikongwe wa mtaa ule, anaomba kutazama maandamano dirishani. Wakamkaribisha, wakampa kahawa kwenye vikombe vyake, wakamtembeza chumba kwa chumba. Aliwaomba lile tandiko nililokuwa nimelitandika kitandani, akawaonyesha namna ya kulifunga dirishani lisipeperuke. Kisha wakamsimamisha mbele ya picha iliyo ukutani, karibu na ngazi.

Hapa, kaka, ndipo penye aibu yangu kubwa. Wageni wa kwanza waliniuliza kabati lililofungwa ni la nani, na mwenyewe yuko wapi. Sikutaka maswali mengi. Nikasema amefariki. Papo hapo wakalainika, wakawa wanatembea taratibu, wakaosha hata sufuria ambazo hawakuzitumia. Nikaona inafaa, nikaendelea. Kwenye tangazo nikaandika kwamba ni nyumba ya marehemu mama yetu na kila kitu kiko kama alivyokiacha. Nikatundika picha yake ya harusi, na chini yake nikawasha taa ndogo nyekundu, zile tunazowawekea wafu makaburini. Niliinunua duka lile lile tuliponunua ya baba.

Mama alimuuliza yule mgeni marehemu alikufaje. Akajibiwa kwamba binti yake anasema alifia usingizini, hakuteseka. Basi mama akaweka kikombe chini, akafanya ishara ya msalaba, akamsalia marehemu sala ya Raha ya Milele mpaka mwisho, na Waholanzi wakainamisha vichwa pamoja naye. Hakunitaja. Angeweza kunivua nguo pale pale mbele yao, hakufanya hivyo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jioni tulikunywa supu. Nilipoanza kulia akanisogezea mkate, akasema, "Kifo cha usingizini, umechagua vizuri, Fiorenza. Ulinihurumia."

Nimelifuta tangazo, wageni wameondoka, taa nimeitoa. Ufunguo nimemwekea mezani mbele yake na hajaugusa. Kila asubuhi namwomba twende, namwambia Quinto anatusubiri na gari, nitamshika mkono ngazi zote. Na kila asubuhi ananijibu kwa upole, bila hasira hata chembe, "Marehemu hapandi ngazi, mwanangu."

Njoo, kaka, mwezi ujao ukiweza. Nikimwambia mimi kwamba nyumba ni yake na inamngoja, hanisikii, na ana haki. Labda atakusikia wewe. Wewe hukumzika.

Nisalimie wifi na watoto, na ujitunze na baridi. Salamu za mama siwezi kukutumia safari hii, maana sijathubutu kumwomba.

Mdogo wako,
Fiorenza