Punje ya Peponi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Asmahani,

Salamu zikufikie huko Wete, wewe na mumeo. Mimi mzima, tena nimezidi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu huniachi nikamaliza.

Siku hizi nakula komamanga kila siku. Zahanati wamenipima, damu imepanda. Maganda situpi: nayaanika, nayatwanga, nayachanganya na marashi ya mawaridi, napaka usoni. Juzi jirani kaniuliza, "Mwanakhamis, umerudia usichana?" Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Anayeniletea ni Bwana Luqmani wa Muheza, yule muuza machungwa aliyefiwa na mkewe. Makomamanga anayachuma uani kwake. Akija hukaa barazani tu, ndani hapiti.

Unakumbuka uchoyo wangu? Bibi yako alitufundisha kwamba kila komamanga lina punje moja ya peponi, na haijulikani ni ipi. Ukimgawia mtu, huenda umempa hiyo hiyo. Wewe ulilia, sikukupa. Baba yako, Mungu amrehemu, aliomba miaka yote ya ndoa yetu, naye sikumpa.

Jumamosi Bwana Luqmani kaniposa. Najua ulichosema siku ya kuanua matanga ya baba yako, kwamba hutaki kuona mwanamume mwingine nyumba hii. Kwa hiyo nimemwambia asubiri neno lako, na nitalifuata.

Ila sikufichi, mwanangu. Jumamosi hiyo nilipasua komamanga, nikampa nusu.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Mwanakhamis