Kilo za Bibi Harusi

Kawangware 46
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo? Magoti yanaendeleaje na baridi hii isiyotaka kuisha? Sisi hapa wazima, Alhamdulillahi, mimi na Shafi wangu. Mama, mpaka leo nikiandika "Shafi wangu" nacheka peke yangu. Kwa kuwa wewe na simu hamsikilizani siku hizi, nimetafuta kalamu. Chege wa boda atakuletea barua hii.

Mwezi mzima wa ndoa umepita. Unajua Shafi aliniletea nini? Wanawake wengine huletewa maua yakanyauka siku ya pili. Yeye, fundi wangu wa sofa, alikusanya vipande vya mahameli vilivyobaki kwa wateja wake pale Satellite, akanishonea mto mwekundu wa kiti changu cha jikoni. Ati malkia asikalie mbao. Nililia, Mama, nikauweka kitandani badala ya jikoni.

Sasa habari mpya. Nimeanza jim. Usishtuke. Ni ghorofa ya pili, juu ya posho mill, kwa hivyo mashine ikisaga mahindi huko chini na sisi tunatetemeka juu. Asubuhi ni zamu ya wanawake peke yao, mlango unafungwa na pazia linavutwa. Shafi ndiye aliyeitafuta, Shafi ndiye aliyeniandikisha, na Shafi hunisindikiza hadi kwenye ngazi kabla ya kwenda kazini.

Wiki ya kwanza nilifanya ujinga. Nilikwenda kila siku, nikajifunga nailoni tumboni ndani ya dera ili nitoke jasho, na nyumbani nikawa nakunywa chai ya rangi tu. Siku ya nne macho yalifanya giza nikiwa juu ya baiskeli ile isiyokwenda popote. Kochi wetu, Celine, Mluo mrefu asiye na mchezo, alinishika bega akanivua ile nailoni mbele ya watu. Akaniuliza, "Mama Harusi, umekuja kupunguza mwili ama kuupiga?" Walicheka mpaka yule aliyekuwa amelala kwenye mkeka. Akaniambia jasho si kilo, ni maji tu, nikinywa yanarudi. Akanirudisha nyumbani nikale.

Sasa amenipangia vizuri. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, nipumzike siku za katikati. Naanza kwa kutembea mpaka mwili upate moto. Halafu nakaa kwenye benchi na kusimama, nakaa na kusimama, kama mtu anayepokea wageni bila mwisho. Nasukuma ukuta, navuta mpira, nainua mikebe iliyojazwa saruji, na naacha ningali na nguvu kidogo. Mwisho baiskeli, polepole, niweze kuongea huku napiga pedali. Anasema uzito nitaongeza pale tu ninaoinua utakapokuwa mwepesi. Sahani iwe nusu mboga, kisha maharagwe au samaki, na ugali mdogo.

Kwa hivyo naomba, Mama, zile chapati zako za gurusa na samli za kila Ijumaa tuzipunguze. Hata Shafi anasema hivyo.

Nakupenda na nimechoka, mikono haitaki kushika kalamu.

Binti yako,
Hanan

*

Makina
Jumapili, 14 Septemba

Kwa binti yangu Hanan,

Waaleikum salaam. Mimi niko. Magoti ni yale yale, na dari ya chumba cha wapangaji imeanza kuvuja tena.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole. Kila mstari ni Shafi. Shafi ametafuta, Shafi ameandikisha, Shafi anasema. Na wewe unasema nini?

Tulikuweka ndani kwa mila yetu. Nilikulisha kwa mkono huu, nikakufukizia udi, nikakusugua mafuta mpaka mgongo ukaniuma. Siku uliyotoka mlangoni ulikuwa umejaa, unang'aa, shangazi yako Sitti akasema hajaona bibi harusi kama huyo tangu nilipoolewa mimi. Hatukufanya kazi yote hiyo ili mtu aje kuipunguza juu ya posho mill.

Mwezi wa kumi na moja mtakuja kusalimia kama ilivyo desturi. Wanawake wa Makina watakaa kwenye mkeka. Hawatakuuliza mumeo anakutunza vipi, watakutazama tu, halafu watanitazama mimi.

Kwa hivyo niambie kwa kalamu yako mwenyewe. Amekwambia wewe ni mnene?

Gurusa nimekutumia. Mpe jirani kama zimekuwa haramu.

Mama yako

*

Kawangware 46
Jumapili, 5 Oktoba

Mama mpenzi,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kuchelewa. Umepata fundi wa dari? Shafi anasema angependa kuja kuitazama, lakini mila inamzuia kufika kabla ya siku ya kusalimia.

Mama, nimechoka kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuchoka kwa kukaa na kusimama. Naamka kumpikia Shafi uji wake, napanda zile ngazi, nashuka miguu ikiwa kama ya mtu mwingine, kisha nasimama sokoni Satellite kuuza madera mpaka jioni. Nikirudi nalala na viatu. Juzi niliamka nikamkuta Shafi ameniosha miguu kwa maji ya moto. Nani ana mume kama huyu?

Mzani nao umegoma. Mwanzoni ulishuka kidogo, nikarukaruka pale mbele ya wenzangu, halafu ukasimama palepale wiki mbili. Nilitaka kuacha. Nikamwambia Celine arudishe ile baiskeli kwa wanaume. Akanijibu kwamba mzani ni mkaidi, nijipime kwa kamba kiunoni, na kwamba nguvu nimepata hata kama sijioni. Kweli, ile mikebe iliyokuwa ikinishinda sasa naiinua huku nikisikiliza umbea. Lakini kamba yenyewe nimechoka kuitazama.

Umeuliza kama amesema mimi ni mnene. Hapana, Mama. Anasema hata nikiwa wawili atawapenda wote. Ni mimi tu nimetaka. Nguo zinanibana, ngazi zinanikata pumzi. Hakuna zaidi. Tafadhali usimwazie vibaya.

Jumanne Shangazi Sitti alipita kwenye kibanda changu. Alinishika mkono hapa penye bangili, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama shingo. Nikamwonyesha dera jipya la zambarau. Hakununua. Aliondoka bila hata kunitania, naye hunitania tangu nizaliwe.

Mwambie niko salama.

Binti yako,
Hanan

*

Makina
Alhamisi, 9 Oktoba

Hanan,

Waaleikum salaam.

Shangazi yako alirudi hapa akakaa chini bila kuvua buibui. Amesema mifupa ya shingo yako inaonekana. Amesema bangili niliyokuvalisha mimi inafika kwenye kiwiko.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kwa mapenzi. Sijakukataza kumpenda. Lakini mume wa kwanza wa Sitti pia alikuwa akiosha miguu, na ulimwona Sitti alivyorudi nyumbani amekonda.

Ami yako Nasir amemwita Shafi hapa Jumamosi baada ya Alasiri, ingawa siku ya kusalimia haijafika. Wewe usije. Hii ni ya wakubwa.

Sijalala vizuri tangu Jumanne ile na sina nguvu ya kubishana nawe.

Mama yako

*

Kawangware 46
Jumapili, 12 Oktoba

Mama,

Asalaam aleikum. Najua u mzima kwa sababu Shafi aliniambia ulikuwa nyuma ya pazia na alikusikia ukikohoa.

Alikuja kwenu na ile kanzu ya nikahi. Aliipiga pasi mwenyewe, hakutaka niishike. Aliporudi aliivua, akaitundika, akalala bila kula. Nilimwuliza, akasema ni mambo ya kawaida ya wakubwa. Nikamwuliza tena usiku, na tena alfajiri, ndipo akaniambia.

Kwamba Ami Nasir alisema mbele ya watu, "Tulikupa mtoto mzima. Kama chakula kimekushinda, sema, tutamlisha sisi." Kwamba Shangazi alimwuliza kama ana mwanamke mwembamba anayemlinganisha na mimi. Na kwamba kila alipoulizwa alijibu tu, "Nimesikia, Ami."

Mama, alikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme.

Mwisho wa Agosti tulikwenda kliniki, yeye na mimi, kwa sababu tunataka mtoto na tulitaka kuanza vizuri. Nesi akanifunga ule mkanda mkononi. Akatazama, akaniambia nipumue, akanifunga tena. Ni presha, Mama. Ile ile ya Baba. Alisema nipunguze uzito na chumvi, niende kila mwezi nikapimwe, na isiposhuka nitaanza dawa. Na nisibebe mimba kwanza mpaka itulie, maana inaweza kutuua mimi na mtoto.

Tulipotoka nilikaa kwenye kituo cha basi, matatu mbili zikatupita. Shafi hakusema mimi ni mnene. Alisema, "Tutatafuta jim ya wanawake," basi. Ndiyo maana kila mstari wangu ni yeye. Sikuwa na mtu mwingine wa kubeba jambo hili pamoja nami.

Sikukwambia kwa sababu tangu Baba alipoanguka akitawadha asiinuke tena, wewe huamka kusikiliza kama tunapumua. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni kwetu. Na ulinilisha kwa mkono wako siku zote zile kwa furaha kiasi kile. Ningeandikaje?

Nilidhani nikikonda nikapona, hutajua kamwe. Badala yake nimemwacha mume wangu akatukanwa kwa niaba yangu akiwa na kanzu ya nikahi.

Mkitaka kumlaumu mtu, nilaumuni mimi.

Binti yako,
Hanan

*

Kawangware 46
Jumapili, 26 Oktoba

Mama,

Asalaam aleikum. Chege anasema barua ya juzi aliikabidhi mkononi mwako, na kwamba hukumwambia kitu. Ijumaa mbili sasa hakuna kilichokuja, hata salamu.

Nilitaka tu ujue kwamba nimepimwa tena. Imeshuka. Si sana, nesi hakutabasamu, lakini alisema niendelee hivi hivi na dawa tuzisubirishe. Shafi alinibeba kutoka mlangoni mwa kliniki mpaka barabarani, watu wanatutazama, nikamwambia sasa unaweza, ungejaribu Agosti. Ndiyo siku ya kwanza amecheka tangu Makina.

Jumatatu nilipanda ngazi nikakaa kwenye benchi na sikusimama. Celine aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimechoka tu. Akakaa nami. Halafu akaniambia leo nitembee tu, inatosha, mradi nimefika. Nikatembea.

Siku ya kusalimia imekaribia na sijui kama tunakuja.

Binti yako,
Hanan

*

Makina
Jumapili, 2 Novemba

Kwa mwanangu Shafi,

Asalaam aleikum. Natumaini uko salama na kazi inakwenda. Barua hii ni yako, si ya Hanan. Ukitaka kumsomea, msomee.

Nimechelewa kuandika. Kila nikishika kalamu najiona nikimlisha. Siku zile za ndani alikuwa akisema, Mama nimeshiba, nami namwambia, moja tu, la mwisho. Baba yake nilimwambia hivyo hivyo miaka yote. Sasa nakaa mezani najiuliza kama mapenzi yangu yote niliyaweka kwenye samli. Sina wa kumwuliza. Nimechoka, Shafi, uchovu wa mtu aliyepika maisha yake yote akiogopa.

Jumamosi ile nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona mikono yako juu ya magoti, haikusogea. Nikajiambia, huyu hana la kusema. Kumbe ulikuwa nalo, ukalimeza kwa ajili yangu, na mimi nikakuacha uende bila hata maji ya kunywa.

Ami Nasir ni mtu mzima, kurudisha maneno kwake ni kazi kubwa. Nimemweleza. Aliinama, kisha akauliza kiwanda chako kiko wapi pale Satellite, ati viti vyake vimechakaa. Ukimwona anakuja, jua ndiyo njia yake. Usimtoze rahisi. Sitti yeye amelia, na wiki hii ameninyima chumvi kwenye mchuzi wangu mwenyewe.

Juzi nilikwenda nikapimwa na mimi. Sitaandika waliyosema. Mwambie Hanan amwulize yule kochi kama anapokea wanawake wenye magoti mabaya.

Njooni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Wanawake watakaa kwenye mkeka, na watatazama. Wakiuliza nani amempunguza bibi harusi, nitasema ni mimi niliyemtuma.

Na sasa ombi langu kwako. Akiwa amechoka hataki kupanda zile ngazi, mwambie apande, hata kama ni kutembea tu. Na akikwambia siku nyingine unyamaze ili mimi nisiumie, mkatalie. Njoo uniambie. Nyumba hii haihitaji Ami Nasir akuite.

Mama yako